Konokono Mwenye Chusa: Tahadhari kwa Wazazi wa Pwani

Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), Aliyeumba bahari na vilivyomo. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na maswahaba zake.

Baada ya hayo, ndugu msomaji, nianze kwa kukiri kosa. Miezi michache iliyopita, mwalimu wa darasa la watoto wadogo katika madrasa yetu alipendekeza wanafunzi wajifunze kuhesabu nyiradi za baada ya swala kwa kutumia maganda ya konokono wa baharini. Rai ilikuwa njema. Tunaishi karibu na pwani, upande wa Tanga. Maganda hayana gharama, na mtoto hukumbuka zaidi anachokishika mkononi kuliko anachokisikia tu. Mimi, kwa kuwa ni katibu wa kamati ya msikiti, ndiye niliyeandika tangazo na kulibandika mlangoni: kila mwanafunzi alete maganda 33 siku ya Jumamosi. Sikuandika kwamba yawe matupu. Halikunipitia akilini kwamba jambo hilo lilihitaji kuandikwa.

Jumamosi ile iliangukia tarehe 16 ya mwezi mwandamo. Wenyeji wa pwani wanajua maana yake. Siku zile nyeupe ambazo tumesuniwa kuzifunga, yaani tarehe 13, 14 na 15, huambatana na bamvua, na kwetu maji ya bamvua hukupwa sana asubuhi, mwamba ukabaki wazi mpaka mbali. Watoto waliteremka na makopo na mifuko yao. Baada ya swala ya adhuhuri walikusanyika uani mwa msikiti wakilinganisha walichookota.

Mmoja wao, mtoto wa miaka tisa, alikuja na kopo la maziwa ya unga. Juu ya maganda mengine alikuwa ameweka moja lililopita yote kwa uzuri: refu kama kiganja changu, jepesi, jeupe lenye kuelekea urujuani, limetandwa michirizi ya rangi ya kahawia iliyoshikana kama nyuzi za wavu. Nilikwisha kunyoosha mkono nilichukue nilitazame vizuri. Muadhini wetu, mzee aliyevua kwa dema na mshipi tangu utotoni, aliniwekea bakora yake mbele ya mkono.

"Mwache, bwana katibu," alisema. "Huyo yu hai."

Akalisukuma kopo kwa ncha ya bakora mpaka likamwaga vilivyomo mchangani. Tukasimama kando sote. Haukupita muda, kutoka ncha nyembamba ya lile ganda kikatokeza kijimrija cha nyama, kikawa kinapapasa hewani. Mzee akamwuliza mtoto alimbebaje. Yule mtoto akajibu kwa fahari, maana alidhani anasifiwa: "Nilimtia mfukoni mwa kanzu kwanza, babu. Mama ndiye akanipa kopo."

Kutoka mwambani hadi nyumbani kwao ni mwendo wa dakika ishirini.

Nilichojifunza usiku ule, na katika wiki zilizofuata, ndicho ninachopenda kuwaletea wazazi wenzangu. Konokono yule ni wa jamii iitwayo koni, kwa sababu ganda lake lina umbo hilo: pana juu, likipungua hadi kuwa jembamba chini, mfano wa pia wanayozungusha watoto. Mlango wake si duara kama wa konokono wa shambani, bali ni ufa mrefu unaoshuka ubavuni kutoka begani hadi ncha. Zipo aina zaidi ya 700 duniani, nyingi katika maji ya joto ya Bahari ya Hindi na Pasifiki, na nyingine ni ndogo kama ukucha wa kidole gumba. Zote ni wawindaji. Hakuna hata mmoja alaye majani.

Swali la kwanza alilouliza mke wangu nilipomsimulia ndilo ambalo kila mtu huuliza: konokono anamkimbizaje samaki? Jibu ni kwamba hamkimbizi. Mchana hujificha chini ya mawe na mchangani, na usiku hutoka. Ana mrija mmoja wa kuvutia maji, ambao kwao hunusa windo lililo karibu. Ana na mwingine, ulio mdomo wake, ambao hurefuka polepole mpaka kumfikia samaki aliyelala. Ndani ya mdomo huo hushikilia jino moja tu, lenye uwazi katikati kama sindano ya hospitali na miiba ya kunasia kwenye ncha. Kwa kweli ni chusa, sawa na chusa la wavuvi wetu, ila ni dogo kiasi kwamba aina nyingi jicho hulipata kwa shida. Jino likichoma, msuli wa kifuko cha sumu hubana na sumu hupita ndani yake. Samaki hukakamaa kwa sekunde moja au mbili, kisha huvutwa na kumezwa mzima. Jino lililokwisha kutumika halitumiki tena. Ana akiba ya mengine, yamepangwa ndani kama mishale podoni.

Si koni wote walao samaki. Walio wengi hula minyoo ya baharini, na wamchomapo mtu maumivu hufanana na ya nyuki. Wapo walao konokono wenzao. Mmoja wa hao anafahamika kwa ganda lililojaa pembetatu nyeupe zilizozungushiwa mistari ya kahawia, mfano wa kitambaa kilichofumwa kwa ustadi, na wataalamu wamempa jina lenye maana ya nguo: Conus textile. Huyo naye ahesabiwe hatari. Lakini aliye hatari kuliko wote ni yule aliyekuwa ndani ya kopo, Conus geographus, aliyepewa jina hilo kwa sababu michoro yake iliwakumbusha watu ramani. Wote wawili wanaishi katika miamba ya Afrika Mashariki.

Hatari hii imeandikwa tangu zamani. Georg Rumphius, mtaalamu wa viumbe aliyeishi katika kisiwa cha Ambon katika Indonesia ya leo na kupofuka macho akiwa kazini huko, alitaja katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1705, baada ya kufa kwake, habari ya mwanamke mtumwa wa visiwa vya Banda. Mama huyo alimwokota konokono wakati wa kuvuta juya, akamshika tu mkononi. Alisikia mwasho mdogo ukipanda mkononi na kuenea mwilini, akafa. Miaka mingi baadaye, mwaka 1935, kijana wa miaka 27 aliyekuwa matembezini katika kisiwa cha Hayman, Australia, alimshika koni kiganjani huku akimkwangua ganda kwa kisu. Akachomwa. Hakulalamika maumivu. Midomo ikamfa ganzi, macho yakaona ukungu, miguu ikalegea, na baada ya saa chache akafariki.

Neno la kuzingatia hapo ni kwamba hakulalamika maumivu. Sisi wazazi tumezoea kupima ajali kwa kilio cha mtoto. Akikanyaga shokwe au taya wa baharini, mtaa mzima husikia. Koni mla samaki anaweza kumchoma mtoto na mtoto akaendelea kucheza. Sababu yake ni kwamba sumu ile si kitu kimoja. Ni mchanganyiko wa vijenzi zaidi ya mia, na kila kijenzi kina mlango wake katika mishipa ya fahamu. Kimoja hufunga mlango unaopeleka amri kwenye misuli, kingine hufunga mlango unaopeleka habari za maumivu kwenye ubongo. Mwenye nyumba anafungiwa mlango huku naye amenyimwa taarifa kwamba kuna mgeni.

Katika kikao cha kamati kilichofuata, mzee mmoja alipinga kwamba ninawatisha watu bure. Alisema, "Sisi tumekulia hapa, tumeokota tangu tukiwa uchi, hatujaona mtu kufa." Maneno yake yana ukweli. Vifo vilivyoandikwa duniani kwa zaidi ya miaka 300 ni makumi machache tu, na wengi kati ya koni ambao watoto wetu huwakuta mwambani ni walaji wa minyoo. Lakini muadhini, ambaye si msemaji sana vikaoni, alikunja mkono wa kanzu na kueleza kuwa ujanani alichomwa alipokuwa akitoa mawe kwenye dema. Mkono ulikufa ganzi hadi begani kwa siku mbili na ulimi ukawa mzito. Nyumbani walimfukiza ubani, wakidhani amepatwa na pepo. "Mimi nilipona kwa uwezo wa Allah," alisema, "ila sijui ningekuwa mtoto wa miaka tisa ingekuwaje." Yule mzee mwingine hakuongeza neno.

Kwa hiyo mtoto afundishwe nini? Asikatazwe pwani, katazo hilo halitatekelezwa na hata likitekelezwa litamnyima mengi. Afundishwe umbo. Kauri, na ndugu yake mkubwa tunayemwita dondo, ambaye mafundi wa zamani walimtumia kulainishia nguo, ana mgongo wa mviringo kama yai na ufa wenye meno chini ya tumbo, hana chusa. Mwenye umbo la pia, mwenye bega pana na ncha nyembamba, asiguswe kabisa akiwa majini au mwambani, awe mdogo au mkubwa, mwenye michoro au asiye nayo. Watalii huambiana kwamba ukimshika upande ule mpana huna la kuhofia. Wasisikilizwe: mdomo ule hurefuka na kujipinda ukaweza kufika karibu kila sehemu ya ganda, na jino hupenya kitambaa. Mfuko wa kanzu si kinga. Tena mtoto aelezwe kuwa ukimya wa ganda si dalili ya kuwa ni tupu, kwa sababu konokono akishtuka hujivuta ndani na kutulia muda mrefu. Ganda lililo salama ni lile kavu, lililotupwa na maji juu kabisa ya ufuo, ambalo ukilitazama ndani unaona mwanga na mchanga.

Na ikiwa amekwisha kuchomwa, au kuna shaka tu kwamba amechomwa, dawa ya kuivunja sumu hii haipo popote duniani. Kilichopo ni kumsaidia mgonjwa mpaka mwili uishinde wenyewe. Alazwe, asitembezwe. Mkono au mguu uliochomwa ufungwe bendeji pana kwa mkazo wa wastani, kuanzia jeraha kwenda juu, kama unavyofungwa mguu ulioteguka, kisha uwekewe kijiti usichezecheze. Usikazwe kwa kamba hadi damu isimame, usichanjwe kwa wembe, wala usinyonywe kwa mdomo. Apelekwe hospitali papo hapo, hata kama anacheka. Kinachoua ni kulegea kwa misuli ya kupumulia. Hivyo anayemsindikiza awe tayari kumpulizia pumzi mdomoni njiani, na asikate tamaa upesi, kwani aliyepumuliwa kwa saa kadhaa anaweza kuamka akiwa mzima. Kumsomea Qur'ani na kumwombea ni jambo jema na lifanyike, lakini lifanyike ndani ya gari likiwa linakwenda.

Nilipofika hapo katika kusoma kwangu nilikuwa nimemchukia konokono yule. Sura ya pili ya habari zake ndiyo iliyonirudisha kwenye adabu.

Baldomero Olivera ni mwanasayansi wa Ufilipino aliyekuwa akiokota maganda utotoni kama watoto wetu. Aliporudi kwao baada ya masomo ya nje katika miaka ya 1960 alikuta maabara haina vifaa vya utafiti aliokuwa ameuzoea, akaamua kuchunguza kitu kinachopatikana bila gharama: sumu ya koni wa Ufilipino. Kazi hiyo aliiendeleza Marekani, katika Chuo Kikuu cha Utah. Huko kijana mmoja, Michael McIntosh, aliyekuwa ametoka sekondari karibuni, alikitenga katika sumu ya koni mdogo aitwaye Conus magus kijenzi kimoja kinachofunga ule mlango wa habari za maumivu. Kutokana nacho ikatengenezwa dawa iitwayo zikonotidi, iliyoidhinishwa Marekani mwezi Desemba 2004. Hutumiwa kwa wagonjwa wenye maumivu makali yasiyokwisha, wakiwemo wa saratani, ambao mofini imeshindwa kuwafaa. Hutiwa kwa pampu ndogo katika maji yanayozunguka uti wa mgongo, na ingawa ina madhara yake, hasa kwenye akili, haimfanyi mgonjwa kuwa mtumwa wake kama mofini iwezavyo. Leo hutengenezwa maabara. Hakuna konokono anayekamuliwa kwa ajili yake.

Mwaka 2015 watafiti wa chuo hicho hicho walieleza jambo la ajabu zaidi kuhusu Conus geographus. Naye pia ana chusa, lakini mara nyingi huanza kwa kufungua mdomo wake ukapanuka kama jarife, huku akimwaga majini insulini ya namna ya samaki. Sukari katika damu ya samaki waliolala hapo huanguka ghafla, wakalewa, naye akawafunika. Ni insulini yenye muundo mfupi kuliko ya binadamu na inayofanya kazi haraka, na wanasayansi wanaisoma wakitaraji kutengeneza kwa mfano wake insulini bora kwa wagonjwa wa kisukari. Katika nyumba zetu nyingi yupo mwenye kisukari, kwa hiyo niseme wazi: utafiti huo haujawa dawa, na asije mtu akachemsha konokono akamnywesha mama yake supu. Nimeona mambo yanayouzwa vichupani nje ya misikiti baada ya swala ya Ijumaa, ndiyo maana nasema.

Wapo walioniuliza hukumu. Katika Suratul Maida, aya ya 96, Allah (S.W.) ametuhalalishia kuvua na kula vya baharini, na katika Suratun Nahl, aya ya 14, ametaja kuwa bahari imetiishwa kwetu tupate humo nyama mbichi na mapambo ya kuvaa. Wanazuoni wa madhehebu ya Imam Shafi, ambayo wengi wetu katika mwambao huu tunayafuata, wamepanua uhalali wa viumbe vya baharini kuliko wenzao wa Hanafi, waliouishia kwenye samaki. Hata hivyo wamevitoa vyenye sumu, kwa sababu chenye kudhuru mwili hakiliwi. Dawa yenye sumu ndani yake wameiruhusu kwa kiasi kidogo ikiwa manufaa yake ni makubwa na imethibitishwa na tabibu anayeaminika. Zaidi ya hapo ninawaachia masheikh walio juu yangu.

Lipo jambo moja ambalo mimi mwenyewe bado linanisumbua. Maganda yale mazuri yanayouzwa mezani kwa wageni, yanayong'aa kana kwamba yamepakwa mafuta, kwa kawaida hayakuokotwa ufuoni. Ganda lililosukwasukwa na mawimbi huchakaa na kupauka. Linalong'aa ni la konokono aliyechukuliwa akiwa hai, akachemshwa na kutolewa ndani. Pambo la baharini ni halali, na wanaouza wana watoto wa kulisha, siwezi kuwaharamishia. Lakini tumefundishwa kwamba hata shomoro aliyeuawa pasipo haki yake ataulizwa mwenye kumuua. Najiuliza kiumbe mwenye chusa, akiba ya mishale na insulini tumboni ana haki gani mbele ya kabati la sebuleni. Nyumbani kwetu lilikuwepo ganda kubwa la namna hiyo juu ya televisheni. Lipo bado. Sijui nilifanye nini sasa, kwa kuwa mwenyewe amekwisha kufa zamani.

Yule wa kwenye kopo alirudishwa baharini alasiri ile ile. Muadhini alimchota kwa koleo refu la mkaa, akamtia katika ndoo yenye maji ya chumvi, tukateremka watatu: yeye, mimi na yule mtoto, ambaye alikuwa amenyamaza tangu adhuhuri. Maji yalikuwa yamekwisha kujaa. Mzee alipiga hatua mpaka magotini, akainamisha ndoo, akarudi bila kusema kitu. Njiani mtoto aliniuliza kama atapungukiwa alama kwa kuwa maganda yake sasa ni 32. Nilimwambia hapana.

Tangazo la pili nimeliandika upya, na safari hii nililisomea kamati kabla ya kulibandika. Lina michoro miwili, wa kauri na wa koni, iliyochorwa na mwalimu wa watoto. Linataka maganda makavu tu, na watoto wasiende mwambani bila mtu mzima. Mama wa yule mtoto ndiye aliyeuliza swali ambalo hakuna mwanakamati aliyekuwa amelifikiria: zahanati yetu ina mashine ya kupumulia? Tulikwenda kuuliza. Haina. Hospitali iliyo nayo ni mwendo wa saa moja na robo kwa gari, ikiwa barabara haina maji. Ndugu wawili wa mtaani wenye magari wamekubali kuitwa saa yoyote, usiku au mchana, na namba zao zimeandikwa kwa wino mwekundu chini ya tangazo, mlango wa upande wa wanaume na mlango wa upande wa wanawake.